TAHADHARI: Anayeuza injini ya "5E taibo" hapa Kigoma ni tapeli, msimpe hata mia

Wakuu, naandika mkono unatetemeka kwa hasira, mtanivumilia. Kama uko Kigoma mjini, Kasulu au Uvinza na kuna jamaa kakuahidi injini ya haibridi ya Starlet (ya kuchanganya, siyo ya betri), yaani chini bloku ya injini ya 5E ya Toyota Raum, juu hedi na taibo (ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) ya Glanza, ambayo ni Starlet ya taibo, funga mfuko wako. Mimi keshanipiga milioni mbili na laki nne.

Nina Starlet, na kuna Runx iliwahi kuipita. Nikaapa haitapitwa nayo tena. Nilitaka CC 1,497 zenye taibo badala ya 1,331 za 4E, injini ndogo ya Starlet. Basi.

Injini aliiweka juu ya matairi mawili nyuma ya fremu yake pale Mwanga, chini ya turubai. Nimefika, kanisalimia "mwakeye", tukacheka, kaniita mdogo wangu. Akafunua turubai taratibu, kama mpishi anafunua sinia la pilau la harusi. Hedi imepigwa rangi nyekundu, taibo ya CT9 inang'aa, mabomba yote yapo. Akaniwashia tochi ya simu kwenye namba ya injini: 5E, nimeisoma kwa macho yangu haya. Akaunga betri, kontroboksi (kompyuta ya injini) iko chini nyaya zimesambaa, pampu ya petroli kaitumbukiza kwenye kidumu. Akapiga stata, ikawaka mara moja. Akavuta throto kwa kidole, taibo ikapiga mluzi, watoto wa mtaa mzima wakajaa. Akaniinamia sikioni: "Mdogo wangu, kuna mtu wa Kasulu anakuja kuichukua saa kumi." Hapo hapo, nimesimama nanuka petroli, nikatoa simu nikamrushia hela. Yote. Hata nusu sikubakiza.

Sasa kabla hamjaniita mshamba, ungekuwa wewe ungefanyaje? Huyu mtu alimfungia jirani yangu gia boksi ya Noah na mpaka leo inadunda. Ijumaa yuko safu ya mbele. Na vipimo anavyo kichwani: 4E na 5E zote silinda zina upana wa milimita 74, ila mwendo wa pistoni ni 77.4 kwenye 4E na 87 kwenye 5E. Nilihakikisha baadaye, ni kweli tupu. Tapeli gani anajua mpaka pointi nne? Kumbe mwenzetu kasoma ili atuibie vizuri.

Imefungwa, nimeshuka nayo stesheni, shemeji kiti cha mbele anachukua video. Kupandisha kurudi Mwanga, gia ya tatu, taibo inasukuma, nikasikia ka-ka-ka-ka. Moshi wa bluu, nguvu kwisha. Bodaboda mwenye abiria wawili na gunia la dagaa akanipita akinipigia honi. Video ipo, na shemeji keshaisambaza.

Fundi wangu kafungua hedi. Pistoni ya tatu imekatika kwenye kingo za ringi. Akapima mwendo: 77.4. Bloku ni 4E, tena ya Starlet ya kawaida, pistoni za mgandamizo wa 9.6 kwa 1, wakati ile ya taibo kutoka kiwandani ni 8.2. Kontroboksi nayo ya kawaida, taibo ikisukuma yenyewe haiongezi petroli. Hewa nyingi, petroli kidogo, moto unapanda, pistoni kwaheri.

Mtu wa namna hii hafai kuombwa arudishe hela kwa upole. Gereza la Bangwe pana nafasi. Afilisiwe, fremu ifungwe, hilo turubai lake lipigwe mnada! Angeniua pale mlimani na mtoto wa watu kiti cha mbele.

Dalili? Pale penye namba paling'aa kuliko bloku nzima, kama pamekwanguliwa namba ikapigwa upya, akasema eti walipasafisha bandarini. Risiti hana. Na nilipotaka kutoa plagi moja akanidaka mkono, "utaingiza vumbi". Alijua. Toa plagi ya kwanza, ingiza spoku ya baiskeli, zungusha krenki kwa mkono, weka alama pistoni ikiwa juu na ikiwa chini kabisa. 5E inazidi karibu sentimita nzima. Dakika tano tu, na mtu mwizi hatakuruhusu.

Sasa simu yake inaita haipokelewi, na nasikia ameonekana Uvinza akinadi injini ya 3S ya Altezza. Polisi nimeshafungua jalada. Kama na wewe kakuuzia chochote, hata nozeli moja, njoo PM na ujumbe wa malipo tuunganishe kesi. Na wewe wa Kasulu wa saa kumi, kama kweli upo, nakutafuta.