Miaka mitatu nimesomea kuongea, nimeongea dakika nne

Naulizwa sana kuhusu hii shahada ya mawasiliano, upande ule wa kuzungumza mbele ya watu, hasa msimu huu vijana wa kidato cha sita wanapojaza maombi ya vyuo. Siku zote nimejibu kwa upole. Leo upole sina. Nimefungua salari slipu nikakuta makato ya mkopo wa chuo, asilimia 15 kama kawaida, nikajiuliza hivi ninalipia nini hasa.

Ninalipia dakika nne. Semista sita, na muda wote ambao mimi mwenyewe nilisimama nikaongea mbele ya darasa haukuzidi hapo. Tulikuwa karibu 200. Prezentesheni ni za makundi, kundi watu 12, msemaji mmoja, na msemaji ni yule yule kila siku, kijana aliyesoma shule za Kiingereza tangu chekechea na anayetolea maneno puani. Sisi wengine tunajipanga nyuma yake, mikono mbele, kama kwaya iliyosahau wimbo. Mwisho wote tunapewa alama sawa. Hiyo ndiyo koswek, yaani alama za kazi za darasani.

Sasa ngoja niwape ile siku.

Ilikuwa mwaka wa pili, karibu na mitihani. Tumepewa kuchambua hotuba, kundi letu likachukua ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera. Asubuhi hiyo msemaji wetu akasema ana malaria. Wakanisukuma mimi. Bahati nzuri (au mbaya) nilikuwa nimejiandaa bila kutumwa na mtu, nina kadi saba nilizokata kwenye boksi la viatu.

Nilitaka kuonyesha jambo moja tu. Mwalimu anataja uwezo wa kumpiga Amin, anataja sababu, anataja nia, na kila mara sentensi inatua kwenye "tunao" au "tunayo", pa, pa, pa, kama mchi kwenye kinu. Kishindo kiko mwishoni. Ukiipeleka kwa Kiingereza, lile "tunao" linahamia mwanzoni na kishindo kinakufa. Kwa hiyo ili watu wasikie ninachosema ilibidi nisome kwa Kiswahili, kama ilivyotamkwa. Nikasoma.

"Wewe binti, hapa si barazani." Alisema hivyo dokta, mhadhiri wetu, kwa Kiingereza, bila shaka, akakumbusha na lugha ya kufundishia ni ipi. Basi nikaanza kutafsiri papo hapo. "Kumpiga" ikanitoka kwa neno la kumzaba mtu kofi, darasa likaangua kicheko. Kadi zimelowa jasho, ya tatu imegandana na ya nne, nazibandua kwa kucha. Na hapo hapo simu ya dokta ikalia. Akapokea. Mimi nimesimama pale pale mbele.

"Fundi, nisikilize. Mimi nilikuamini, nikakuachia nyumba na watoto wangu ndani. Sasa simtanki linavuja, mama watoto tangu alfajiri anakausha maji sebuleni kwa matambara. Mabomba nilinunua mimi, hela yako nilikulipa yote. Haya niambie mwenyewe, kosa la nani?"

Akakata simu. "Kundi linalofuata."

Nasema kweli tupu, ile ilikuwa hotuba bora kuliko zote nilizosikia semista ile. Uaminifu wa msemaji, hisia za msikilizaji, hoja: vile vitatu vya kushawishi vya Aristotle, yule mwanafalsafa Mgiriki, kwa mpangilio, ndani ya nusu dakika, kwa Kiswahili safi. Wiki moja kabla alikuwa ametuandikia vitu hivyo ubaoni kwa Kigiriki na hakuna aliyeambulia kitu. Tulipata 9 kwa 20. Wenzangu kumi na mmoja hawakunisemesha mpaka mtihani wa mwisho, na yule wa malaria alipona jioni ile ile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba historia ya fani yenyewe tulifundishwa, na tukaulizwa kwenye mtihani. Mwaka 1914 kule Chicago, walimu 17 wa uzungumzaji walijitenga na wenzao wa somo la Kiingereza wakaunda chama chao, kwa sababu kuongea kulikuwa kunafanywa mtoto wa kambo wa fasihi na uandishi. Zaidi ya miaka 100 baadaye mimi nanunua desa, notsi za kutoa kopi, steshenari, nakariri majina ya waandishi, napata B kwenye kuhutubia bila kuhutubia. Na ule mchoro wa Shannon na Weaver wa 1949 wa jinsi ujumbe unavyosafiri, chanzo, njia, kelele, mpokeaji, nimeuchora kwenye kozi nne. Shannon alikuwa anashughulikia simu, jamani! Darasa letu lilikuwa na feni inayogonga na maiki inayokatika, hiyo "kelele" hatukuhitaji kuchorewa.

Shahada hii naipa nyota moja. Na hiyo moja ni ya vimbweta, zile meza na viti vya nje tunakojisomea.

Haya, hapo kwenye vimbweta nimejikwaa mwenyewe, maana dakika nne si kweli kabisa. Semista moja, moja tu, tulikuwa na msaidizi wa wahadhiri, dada mmoja wa mkataba, aliyekataa kutumia darasa kwa semina zake. Alituchukua wanane wanane, chini ya mti, asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri. Unasimama dakika mbili, bila karatasi, lugha uitakayo. Ukikaa, mwenzako lazima arudie ulichosema, na haruhusiwi kuongeza lake mpaka wewe ukubali kwamba ndicho ulichosema. Wiki ya kwanza nilikataliwa mara tano. Nilikuwa najiona msikilizaji! Kumbe nilikuwa nasubiri zamu yangu ya kusema.

Mkataba wake haukuongezwa. Sijui ni nani aliyekaa akaamua hilo, nami leo sitaki kumjua, nitaharibu siku.

Sasa nipo dawati la huduma kwa wateja. Majuzi kaja mzee, anapiga meza, bili imekuja mara mbili. Nikamwambia, "Mzee wangu, kwa hiyo bili imekuja mara mbili, na mwezi uliopita ulifika hapa, hakuna aliyekusikiliza."

"Hapana. Alinisikiliza, ila huku anachezea simu."

"Sawa mzee. Alikuwa anachezea simu."

Akavuta kiti akakaa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kompyuta. Mwenzangu wa dawati la pili, msomi wa biashara, aliniuliza nimempa nini yule mzee. Sikumpa kitu. Nilirudia tu, kama pale chini ya mti.

Kwa hiyo nyota mbili. Tatu, kama yule dada angekuwa bado yupo. Lakini hayupo, na dokta wa simtanki nasikia kapanda cheo, basi irudi moja. Sijui. Ningekuwa nimesoma uhasibu leo nisingekuwa na hasira hizi, lakini pia yule mzee angeondoka na bili zake mbili.

Mdogo wangu naye anaitaka hii hii. Juzi nilimwambia asithubutu. Jana nikamwambia aende chuoni siku ya kawaida, si siku ya maonyesho, achungulie saa za semina. Akikuta watu wanane wamekaa na mmoja kasimama anaongea bila karatasi, ajaze. Akikuta 200 na projekta, arudi nyumbani tutafute kingine.

Ada ya maombi nimeshamtumia kwenye simu, lakini.