Wakimbizi wa Cyre mezani: tathmini ya Eberron: Rising from the Last War

Kitabu hiki kilitolewa na Wizards of the Coast Novemba 2019 kwa ajili ya toleo la tano la Dungeons & Dragons. Huo ni mchezo wa mezani ambamo wachezaji huigiza wahusika na mwendesha mchezo huwasimulia ulimwengu; hapa ulimwengu huo ni Eberron. Kitabu kina kurasa 320 na mambo yamejaa humo: koo za alama ya joka (familia za kibiashara zenye alama za kichawi mwilini), treni za radi, mji wa Sharn wenye minara inayogusa mawingu. Hayo yameshasifiwa sana. Hapa tunawatazama wakimbizi wa Cyre tu, kwa sababu mwendesha mchezo anayekaa Mwanza, Bukoba au Musoma atawauliza maswali ambayo waandishi hawakuyategemea.

Msingi wenyewe ni imara. Vita vya Mwisho vilianza mwaka 894 wa kalenda ya huko. Tarehe 20 Olarune 994 nchi ya Cyre ikaangamia kwa siku moja, na mpaka leo imefunikwa na ukungu wa kijivu. Hofu ya janga hilo ndiyo iliyowasukuma wafalme kusaini Mkataba wa Thronehold wa kumaliza vita mwaka 996. Mfalme Boranel wa Breland, nchi jirani, akampa Oargev, mwana wa ufalme wa Cyre, kipande cha ardhi kinachoitwa New Cyre. Wengine wamebanana High Walls, mtaa wa tabaka la chini huko Sharn. Chanzo cha maangamizi hakikutajwa, na kimeachwa hivyo kwa makusudi. Hapo ndipo ubunifu unapouma, maana anayekupa hifadhi anakushuku kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyeiteketeza nchi yako. Juu ya hayo, juzi tu mlikuwa mnapigana naye.

Udhaifu wa kwanza ni wa muda. Mchezo huanza mwaka 998, yaani miaka minne baada ya janga, lakini Wacyre wa kitabuni bado wanalia kana kwamba wamevuka mpaka jana. Linganisha na kambi halisi ya Benaco kule Ngara: ilijaa mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, na Desemba 1996 wakazi wake walikuwa wamerudishwa Rwanda. Haikufika miaka mitatu, na bado ndani yake palikuwa na masoko, vilabu vya pombe, mafundi cherehani na ndoa. Miaka minne inatosha mtoto kuzaliwa na kuanza kuongea kwa lafudhi ya wenyeji. Basi unapoandaa New Cyre, punguza machozi, ongeza vibanda. Weka fundi viatu, mkopeshaji, mwalimu asiye na darasa, na kijana wa miaka kumi na minne anayechoka kusimuliwa uzuri wa Metrol, mji mkuu ambao haukumbuki vizuri.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Kitabu hakina utawala wa ukimbizi: hakuna kadi, orodha, mgao wala kibali cha kutoka. Kuna sehemu nzuri ya walezi wa kundi, ambamo wachezaji wanaweza kufanya kazi chini ya gazeti, chuo kikuu, majasusi au genge la wahalifu, lakini kamati ya wakimbizi haimo. Usuli mpya wa mhusika (historia yake kabla ya mchezo) ni mmoja tu, wa wakala wa koo. Mchezaji anayetaka kuwa Mcyre anaachiwa huzuni na jina la nchi.

Ukiacha pengo hilo wazi, wachezaji wataliziba kwa uchawi. Mmoja atasema kuhani wake atalisha kambi nzima. Mpigie hesabu. Chukua kambi ya watu 5,000. Create Food and Water, uchawi wa daraja la tatu wa kuumba chakula na maji, hulisha watu 15 kwa siku, na kuhani wa ngazi ya tano ana nafasi mbili za uchawi wa daraja hilo, yaani anaweza kuufanya mara mbili kwa siku, hivyo analisha 30. Utahitaji makuhani 167 wasiofanya uchawi mwingine wowote wa daraja hilo. Uchawi mwingine, Goodberry, hutoa matunda kumi, kila tunda likimtosha mtu mmoja siku nzima. Druidi (kuhani wa nguvu za asili) wa ngazi ya kwanza huweza kuifanya mara mbili, kwa hiyo wanatakiwa druidi 250. Katika ulimwengu huu watu wa aina hiyo hawaokotwi barabarani, na huduma za koo za alama ya joka hulipiwa.

Maji ni habari nyingine, na hapa waendesha mchezo wengi hukosea kwa kuleta kipindupindu kila wanapotaka huruma. Purify Food and Drink ni uchawi wa daraja la kwanza unaoweza kufanywa kama ibada, bila kutumia nafasi ya uchawi, kwa dakika kumi tu. Husafisha chakula na kinywaji chote ndani ya tufe la nusu kipenyo cha futi tano. Tangi likiwa na upana na kina cha kutosha, hizo ni takriban lita 14,800 kwa mara moja. Kwa kipimo cha dharura cha lita 15 kwa mtu kwa siku, kambi yetu inahitaji lita 75,000, yaani ibada sita, saa moja ya kuhani mmoja mchanga. Kwa hiyo ukitaka ugonjwa wa maji uingie kambini, lazima kuwe na sababu: kuhani kafukuzwa, kagoma, au tangi limejengwa dogo na mkandarasi mla rushwa. Sababu hiyo tayari ni kisa. Kinachobaki kigumu ni kubeba, kwani lita 75,000 ni ndoo 3,750 za lita ishirini, na bomba moja huhesabiwa watu 250. Kuni nazo hazina ibada. Weka kanuni kwamba kila mwezi msitu unasogea mbali nusu saa ya mwendo, na wanaokwenda kuzitafuta wanakutana na wenyeji wenye mapanga. Wenyeji hao wana haki yao pia, usiwafanye majitu.

Mgao ndio injini ya kisa. Gawa kila siku 14. Kwa mtu mmoja kwa siku weka nafaka gramu 400, kunde au maharage 60, mafuta 25 na chumvi kidogo. Ukiongeza unga wa lishe na sukari utakaribia kalori 2,100, kiwango cha kawaida cha mashirika. Familia ya watu watano inaondoka na kilo 28 za nafaka na kilo 4.2 za maharage. Nafaka ikija punje, lazima isagwe, na mwenye mashine hachukui shukrani. Akichukua sehemu ya kumi, kilo 2.8 zimekwenda kabla sufuria haijapanda jikoni. Nyingine zitauzwa kijijini kununua kitoweo, sabuni na kuni. Mchezaji atakayemwona mkimbizi akiuza mahindi ya msaada na kumwita tapeli, mwache aseme, kisha mpe kadi ya familia hiyo aiendeshe yeye kwa wiki mbili.

Halafu kuna warforged, askari wa chuma na mbao waliotambuliwa kuwa watu huru na Mkataba wa Thronehold. Hawali, hawanywi, hawalali. Je, wanapewa kadi? Ukiwapa, kila mmoja ana kilo 5.6 za kuuza kila mgao na soko la nafaka linayumba. Ukiwanyima, umetamka rasmi kwamba mtu ni tumbo. Kitabu kimeweka viumbe hawa na wakimbizi katika nchi zilezile na hakijagusa swali hili hata kwa mstari mmoja. Bahati iliyopotea.

Jambo la kukazia kuliko yote ni nani anaandika orodha. Benaco mwanzoni chakula kilipitia mikononi mwa viongozi walewale wa tawala za nyumbani, wakiwemo waliokuwa na damu mikononi, na idadi za watu zilikuzwa ili mgao uzidi. Oargev wa kitabuni ni mwanamfalme mwenye majonzi. Mfanye awe pia ndiye mwenye daftari. Wachezaji wakigundua majina 400 ya watu waliobaki ndani ya ukungu bado yanachukua mgao, wafanye nini? Wakimwaga siri, Breland itapunguza chakula cha wote. Wakinyamaza, nafaka hiyo inanunua silaha.

Ukipenda, hamishia kambi kwenye ufuko wa ziwa. Mezani hapa hakuna haja ya kueleza mwalo ni nini, wala kwa nini mwenye mtumbwi na nyavu ndiye mwenye sauti. Mkimbizi anaanza kama kibarua wa kuanika dagaa, na swali la lini ataruhusiwa kumiliki chombo linakuwa kampeni nzima ya mchezo. Ila angalia: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na Eberron ina miezi kumi na miwili angani. Chagua mmoja tu unaotia mwanga wa kufukuza wavuvi, la sivyo watu wako watakufa njaa kwa sababu ya unajimu.

Kuna mfano mwingine wa karibu ambao New Cyre inafanana nao kuliko Benaco. Ni makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambako Warundi wa 1972 walipewa mashamba, wakalima, na mwaka 2014 wapatao 162,000 wakapewa uraia wa Tanzania. Kwa upande mwingine, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa na kutoka kwa kibali. Ukiziweka njia hizo mbili katika bunge la Breland kama kambi mbili za siasa, wachezaji watapata wanasiasa wa kuwashawishi badala ya majoka ya kuua.

Tahadhari moja ya meza. Kanda ya Ziwa huwezi kujua babu ya nani alivuka lini. Usitumie majina ya makabila halisi wala kambi halisi ndani ya mchezo, na lafudhi za kuchekesha za Wacyre zife kabla hazijazaliwa. Kubalianeni kikao cha kwanza nini hakitaigizwa. Mauaji ya watoto na ubakaji yaondoke bila mjadala.

Bei iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuwa dola 49.99, kabla ya usafirishaji, na kipo kwa Kiingereza. Nakala moja ya mwendesha mchezo inatosha, kwa sababu kanuni za msingi zinapatikana bure mtandaoni katika hati iitwayo SRD 5.1, na uchawi wote uliotajwa hapa umo ndani yake. Ukibanwa na fedha kabisa, chukua kanuni hizo za bure, tengeneza nchi yako iliyoangamia, na tumia hesabu za mgao hapo juu. Utakosa Sharn na treni za radi, ambazo kwa kweli ndizo zinazokifanya kitabu kistahili bei yake.