Miezi minane na amplifaya yangu ya besi

Mimi hupiga gitaa la besi katika kikundi cha taarabu, na kwa kuwa ninaishi Likoni ilhali harusi nyingi tunazoalikwa huwa kisiwani Mombasa, kila chombo ninachotaka kukinunua hukipima kwanza kwa kivuko: je, nitaweza kukibeba mwenyewe katikati ya watu wanaokimbilia feri? Amplifaya yangu ya zamani ilikuwa haivuki bila mkokoteni. Hii mpya ina kilo 16 pamoja na spika yake ya inchi 12, kwa kuwa waundaji wameiacha ile transfoma kubwa ya chuma na kuchagua saketi ya daraja la D, ambayo huwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa mno badala ya kuupoteza mwingi kama joto. Hapo wamepatia. Wati 500 zilizoandikwa ubavuni, hata hivyo, hupatikana tu ukiunganisha kasha la pili la spika.

Wenzangu walitilia shaka tundu la kupumulia, lile linalotoa sauti nzito, kuwekwa nyuma ya kasha, wakidhani sauti itapotea. Haipotei. Uzi mnene wa E hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani hupita urefu wa mita nane, kwa hiyo kasha dogo kama hili haliwezi kulielekeza upande mmoja. Shida huja ukuta unapokuwa karibu, maana besi huvuma kupita kiasi.

Ndivyo ilivyotokea kwenye harusi moja Mji wa Kale, tulipobanwa uani kiasi kwamba amplifaya ilikaribia kugusa ukuta. Nilizungusha nobu ya besi kuipunguza, nikasikia raha, na wimbo haujafika nusu fundi wa mitambo akaja mbio akiniuliza, "Besi umeipeleka wapi, bwana?" Kumbe laini inayokwenda kwenye mikisa, ule mtambo wa fundi wa kuchanganya sauti, imechukuliwa baada ya nobu za kurekebisha sauti, hivyo kila ninachokirekebisha kwa ajili ya masikio yangu huwafikia wageni wote. Swichi moja ndogo ya kuchagua kabla au baada ya nobu ingetosha, na ninashindwa kuelewa kwa nini waliinyima nafasi ilhali taa ya mapambo wameipatia.

Feni nayo huzunguka muda wote, hata chombo kikiwa baridi. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ikipiga taksimu (utangulizi wa kubuni papo hapo) peke yake, mlio wa feni unasikika. Tena huvuta ndani hewa yetu hii ya chumvi, na skrubu za pembeni zilishika kutu kabla ya mwezi wa nne.

Kwa sasa nimenunua kisanduku cha laini ninachokichomeka kati ya gitaa na amplifaya, fundi akachukua sauti yake hapo. Uani ninapunguza besi nitakavyo.