Darasa la kusoma kwa kuimba huku Kisauni, Mombasa, miezi mitano sasa

Nlitaka kuandika baada ya wiki mbili nkaona ngoja kwanza, nisije nkasifu kitu halafu mtoto arudi pale pale. Sasa imetimia miezi mitano, kila Jumamosi twatoka Majengo na matatu twavuka daraja la Nyali mpaka Kisauni, kwa hivyo nina la kusema.

Kijana wangu ana miaka tisa, yuko gredi ya tatu, na kusoma kulikuwa kumemkwama kabisa. Akili anazo. Chuoni, yaani madrasa, ustadhi amsifu kwa kuhifadhi, qaswida akiisikia mara mbili ashaishika. Lakini mpe kitabu cha shule, aangalia herufi za mwanzo kisha zilobaki abuni, pameandikwa kitanda yeye asoma kitabu. Shuleni nliambiwa ni mvivu, na neno lile lilinikaa kifuani sana, kwa sababu mimi ndo nlokuwa nakaa naye usiku nikimuona vile atoka jasho kwa ukurasa mmoja. Nkampima macho kwanza, macho mazima. Ndo jirani akanambia kuhusu hili darasa.

Ni barazani kwa mtu tu, mikeka, ubao mmoja, ngoma ndogo na makaratasi ya manila ukutani, watoto kama kumi na wawili. Mwalimu ni dada aliyesomesha chekechea miaka mingi, na nyimbo atunga mwenyewe. Shilingi 250 kwa siku, saa tatu mpaka saa tano. Wimbo wa kwanza waloimba siku yetu ya kwanza mpaka mimi naujua:

Paka wa Pate kapita
kapu la papa kapata

Waimba polepole, kila silabi pigo moja la ngoma, na mtoto mmoja yuko mbele na kijiti aonyesha ile silabi inayoimbwa, si ya kabla si ya baada. Hebu hesabu, ni mizani nane, yaani silabi nane, kila mstari, ile ile mizani ya utenzi. Mimi mizani nliisoma sekondari kwa ajili ya mtihani basi, haikunijia hata siku moja kwamba kuhesabu mizani ndo kukata neno vipande na kukata neno vipande ndo pale mwanangu alipokwama. Na lugha yetu imekaa tayari kwa jambo hili, silabi karibu zote zaishia na irabu na a ni a popote utakapoikuta.

Kilonishika zaidi ni ile m. Mwanangu neno mtu akilisoma mutu, kisha akifika kwenye mbuzi achanganyikiwa. Mwalimu hakueleza maneno mengi, alipiga ngoma tu: m, tu, mapigo mawili, hiyo m ina pigo lake peke yake. Halafu mbu, zi, pia mawili lakini hapo m imejibana na b haina pigo lake. Halafu mtoto, matatu. Watoto wapiga magoti yao wenyewe kutafuta ni ngapi. Siku ile turudi nyumbani alipiga kila jina la mtu ndani ya matatu mpaka makanga akacheka.

Sasa wasiwasi wangu ulikuwa huu, mtoto mwenye sikio kama huyu si ataimba tu kwa kuhifadhi na mimi nifikirie yuasoma? Na kweli wiki za mwanzo ndo alivyofanya, kijiti kiko kwingine na mdomo uko kwingine. Hapa ndo nlimvulia kofia yule dada. Wimbo ukishakolea yeye abadilisha herufi mbili tatu kimya kimya ubaoni, sauti ya wimbo ni ile ile lakini sasa pameandikwa Kaka wa pete kapita. Anayeimba kwa kukariri ajulikana pale pale, na hakuna anayefokewa, wote wacheka wanarudi kuangalia herufi. Baadaye aukata wimbo vipande auvuruga, ngoma yawekwa chini, kila mtoto asoma kipande chake kwa mdomo mkavu. Hii sehemu ya pili ndo yenye kazi, na ukiona darasa lolote la nyimbo halina sehemu hii, mimi pesa yangu singetoa.

Nlienda kusoma kidogo pia, kuna profesa Cambridge kule Uingereza, Usha Goswami, amechunguza miaka mingi watoto wenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma, na kuona wengi wao wapata shida kushika mapigo na mdundo wa maneno, kabla hata hujafika kwenye herufi. Na India kuna Brij Kothari aliyeanzisha kuweka maneno chini ya nyimbo za filamu kwenye televisheni, kwa lugha ile ile inayoimbwa, watu wasome huku waimba. Basi nyumbani nami nkitafuta nyimbo kwenye simu natafuta zile zenye maneno.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu aja na leso ya mamake, zatundikwa, na watoto waimba jina la leso, yale maneno yaloandikwa juu yake. Wazo zuri sana ila leso zaandikwa kwa herufi kubwa tupu na wadogo wapotea, ingefaa mwalimu aandike jina lile tena ubaoni kwa herufi ndogo.

Yasiyonipendeza. Kuna nusu saa ya Kiingereza pia, nayo haijamsaidia wangu, mbinu ni ile ile lakini Kiingereza herufi moja ina sauti chungu nzima, ngoma haiwezi kuziokoa zote. Halafu wamechanganywa. Kuna msichana wa miaka kumi na mitatu akaa na wa miaka saba kuimba habari za paka, namuona vile ainamisha uso na roho yaniuma, yule ahitaji saa yake na nyimbo za rika lake. Nlimwambia mwalimu, akakubali, mpaka leo bado.

Mwanangu sasa asoma ukurasa kwa kidole, polepole, bado avuma kidogo puani. Kwenye neno kitanda asimama, akata ki, ta, nda, ndo aendelea. Nshalipia mpaka Disemba. Ukimpeleka wako fikeni kabla ya saa tatu, mikeka ya mbele yajaa haraka na wa nyuma hawaoni kijiti kiko wapi.