Bendi kubwa za jazz za Skandinavia: uzoefu wangu wa kuzisaka mtandaoni

Napiga tromboni kwenye kikundi cha matarumbeta cha kanisa letu hapa Moshi. Neno jazz nilikuwa nikilijua kama jina la bendi za dansi za zamani, Morogoro Jazz, Western Jazz na wenzao. Basi usiku mmoja, baada ya video ya somo la tromboni, YouTube ikaniletea piano na besi tu, taratibu sana. Alikuwa Jan Johansson wa Uswidi, na Georg Riedel kwenye besi, katika albamu ya 1964 iitwayo Jazz på svenska. Wamechukua nyimbo za kale za vijijini kwao na kuzipiga bila makeke. Niliirudia mara nne usiku uleule.

Kuanzia hapo nikawa natafuta kwa makusudi, ndipo nikakutana na Fire! Orchestra. Kiongozi wake ni Mats Gustafsson, mpiga saksafoni wa Uswidi, na jukwaani wanajaa kama kijiji kizima. Johan Berthling anaanza na noti chache za besi, kisha hazibadiliki. Dakika zinapita, yeye yuko palepale, wapulizaji wanaingia mmoja baada ya mwingine juu yake. Sisi tumefundishwa kuingia pamoja na kutoka pamoja. Hawa wanaachana, wanapishana, wanafika mahali pa kelele tupu, halafu besi ileile inawakusanya tena. Naye Sofia Jernberg, mwimbaji aliyezaliwa Ethiopia, sauti yake ni ala kamili: mluzi, mkwaruzo, pumzi. Mara ya kwanza nilizima katikati. Mara ya tatu nililia. Sikiliza kwa spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, maana spika ya simu inaua besi, na besi ikifa hakuna kinachobaki.

Jaga Jazzist wa Norwei ni wepesi zaidi kwa mgeni. Walianza Tønsberg mwaka 1994, na ndani yake wamo ndugu watatu wa familia ya Horntveth. Line, dada yao, anapiga tuba. Jamani, tuba! Kwetu tuba ni ya kushika chini tu. Kwake inaimba, katikati ya gitaa na vinanda vya umeme.

Muziki wao niliununua Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki, na huduma hiyo naipendekeza kwa moyo wote. Unasikiliza kwanza, unalipa, unapakua, faili inakuwa yako hata bando likiisha. Kwenye mauzo ya faili wao wanakata asilimia 15, nyingine inakwenda kwa wanamuziki baada ya ada za malipo. Benki yangu iliikataa kadi mara mbili kabla ya malipo kupita, jambo lililoniudhi sana. Kama bando ni dogo chagua faili ya MP3, kwa sababu FLAC, aina isiyopunguza ubora wa sauti, ni nzito.

DR Big Band ya Denmark, iliyoanzishwa 1964, ni kwa anayetaka bendi kubwa iliyonyooka. Thad Jones, aliyekuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya Mmarekani Count Basie, aliiongoza mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni safi mno, ila mimi nilishaharibiwa na Fire!

Aliyenishika zaidi ni John Tchicai. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1936, baba Mkongo, mama Mdenmark. Alipiga saksafoni kwenye Ascension, albamu ya mpiga saksafoni wa Marekani John Coltrane, mwaka 1965, kisha akarudi Denmark na kuunda kundi kubwa, Cadentia Nova Danica. Tafuta albamu yao Afrodisiaca ya 1969. Inachukua muda kuielewa, lakini usiiache.

Jumamosi iliyopita mazoezini nilimwomba mpiga tuba wetu ashike noti nne bila kuzibadilisha, sisi wengine tukaingia mmoja mmoja. Tulifika dakika sita. Mzee wetu wa kikundi alisema tujaribu tena Jumamosi ijayo.