Sindano ya naltreksoni: nani hasa anayeiweza?

Vivitrol ni sindano ya miligramu 380 za naltreksoni, dawa inayozuia heroini isimlevye mtumiaji, inayochomwa kwenye msuli wa kalio kila baada ya wiki nne. Marekani iliiidhinisha mwaka 2010 kwa watu ambao wameshaacha heroini na hawataki kuirudia. Naipima hapa kwa swali moja: inadai utashi kiasi gani kwa mgonjwa, na inaudai wakati gani?

Vidonge vya dawa hiyohiyo, vilivyotangulia tangu 1984, viliwashinda wengi kwa sababu mgonjwa alilazimika kuamua upya kila siku. Akiviacha siku chache tu, unga ulimfanyia kazi kama zamani. Sindano imeuondoa mtihani huo, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Hata hivyo, mtihani mwingine unamsubiri mlangoni: kwa kuwa naltreksoni huziba vipokezi vya afyuni ubongoni, yaani sehemu ambazo heroini hujishikiza ili ifanye kazi, anayechomwa akiwa bado na heroini mwilini hushikwa na arosto (mateso ya mwili unaokosa unga) kali ya ghafla, hivyo hana budi kukaa kwanza siku saba hadi kumi bila kutumia, siku ambazo mwili wote unamvuta arudi mtaani.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 katika jarida la Lancet, uliolinganisha sindano hii na buprenofini, dawa inayotuliza arosto na isiyodai siku hizo zote za kusubiri, kwa washiriki 570, unalidhihirisha jambo hilo. Asilimia 94 ya waliopangiwa buprenofini walianza dawa, ilhali kwa sindano walikuwa asilimia 72 tu. Wakihesabiwa wote, waliorudia matumizi ndani ya wiki 24 walikuwa asilimia 65 upande wa sindano na 57 upande wa buprenofini. Kwa waliofanikiwa kuanza, dawa hizo zilikaribiana sana. Anayetaja kundi hili la mwisho peke yake anaeleza habari za watu waliokwisha kuvuka sehemu ngumu kuliko zote, na hata hao ni miongoni mwa waliojitokeza wenyewe kutafuta tiba.

Ningeipendekeza kwa aliyekwisha kuacha na mwenye ndugu wa kumsindikiza kliniki. Kwa anayetumia bado, methadoni, dawa nyingine ya kutuliza arosto, inayotolewa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011, inamfaa zaidi, kwani haimtaki amalize arosto kwanza. Na kabla ya sindano ya kwanza, mgonjwa na daktari wapange kabisa nini kitafanyika iwapo ya pili itakosekana, maana mwili uliopoteza uzoefu wa heroini unaweza kuuawa na kipimo kilekile cha zamani.