Umezoea magari, sasa unataka pikipiki ya spoti: uanze na ipi?

Mpenda magari huingia kwenye pikipiki na ujuzi ambao nusu unamfaa na nusu unamponza. Anajua kusikiliza injini, haogopi spana, na akiona oili imevuja hatulii mpaka ajue ilikotokea. Hayo yanamfaa. Kinachomponza ni mazoea ya kupima chombo kwa nguvu zake, maana kwenye pikipiki kipimo hicho kinadanganya.

Tupige hesabu. Kawasaki Ninja 400 ina nguvu za farasi 45 hivi na uzito wa kilo 168. Mpandishe mtu wa kilo 75, kila farasi anabeba kilo 5.4. Ili gari la kilo 1,400 lifikie uwiano huo, linahitaji farasi 260 hivi. Sasa chukua Yamaha R6, yenye karibu farasi 120 na kilo 190: gari lako lingehitaji farasi zaidi ya 630. Hakuna anayemkabidhi mtu gari la namna hiyo siku ya kwanza ya kujifunza. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuangalia ipi itakufundisha kuendesha kabla haijakuumiza.

1. Kawasaki Ninja 400 (kuanzia 2018)

Najua utaguna. Utasema utaichoka ndani ya miezi michache, na kila anayekuuzia pikipiki kubwa atakuunga mkono. Lakini hii ndiyo pikipiki ambayo unaweza kuifungua mafuta mpaka mwisho, ukasikia inavyovuta, na bado ukabaki na akili ya kuitazama kona inayokuja. Klachi yake ni laini na imetengenezwa ili ukishusha gia kwa pupa tairi la nyuma lisirukeruke. Ni nyepesi, kwa hiyo ukikosea mstari katikati ya kona bado unaweza kuurekebisha. Tafuta yenye ABS, mfumo unaozuia tairi kukwama ukifunga breki kwa nguvu. Si zote zinazo, na hili ningelilipia zaidi bila kusita. Ukiikosa, Yamaha R3 ya kuanzia 2015, yenye cc 321, inakaribiana nayo sana. Ninja 300 nayo inafaa ikiwa imetunzwa.

2. Suzuki SV650

Kama umeshaendesha pikipiki yoyote kwa muda, anza hapa. Ilitoka 1999 ikiwa na injini ya cc 645, silinda mbili zilizokaa umbo la V la nyuzi 90, na farasi 70 hivi. Raha yake iko kwenye mizunguko ya injini ya chini na ya kati, mahali ambapo mtu wa magari amezoea kuitafuta. Hadi 2002 ilitumia kabureta. Kuanzia 2003 mafuta yanapulizwa kwa mfumo wa kielektroniki, na hiyo ndiyo ningenunua. Shokomzoba zake za mbele ni laini mno, na wengi huzing'oa na kufunga za GSX-R. Ukikuta kazi hiyo imeshafanywa, uliza nani alifunga. Nenda na mita ya umeme pia: injini ikizungushwa kidogo, betri isomeke kati ya volti 13.5 na 14.5. Isipofika hapo, mfumo wa kuchaji una kasoro.

3. Honda CBR500R

Ilianza 2013, cc 471, farasi 47, kiwango kinachoendana na leseni ya kati ya Ulaya yenye kikomo cha kilowati 35. Ni tulivu, haili mafuta, na ni nzito kuliko Ninja. Kwa safari za kazini kila siku ningeipandisha nafasi. Kwa mwenye damu ya spoti itamchosha mapema.

4. Honda CBR600F4i (2001 hadi 2006)

Hapa tumeingia silinda nne na nguvu za kweli, lakini hendeli ziko juu kidogo na mgongo hauumii sana. Ni ya mwaka wa pili. Sikiliza upande wa cheni ya ndani ya injini; kikaza-cheni chake kinajulikana kwa kuchoka na kupiga kelele.

5. Yamaha R6, Suzuki GSX-R600, Honda CBR600RR, Kawasaki ZX-6R

Ndizo ulizokuwa unazitaka tangu mwanzo, na ndizo za mwisho. R6 hutoa nguvu zake nyingi injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu sana. Chini ya hapo ni baridi, halafu ghafla inalipuka. Nyingi zilizo sokoni zimeshaanguka au zimekimbizwa kwenye viwanja vya mbio. Na kama ni GSX-R ya kati ya 2004 na 2013, kampuni iliziita zirudishwe kurekebishwa pampu ya breki ya mbele; hakikisha kazi hiyo ilifanyika.

Za cc 1000 sikuziweka kabisa.

Sasa ukaguzi, ambao una uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye tanki. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha iguse injini ukifika. Ikiwa moto, kuna jambo linafichwa, mara nyingi shida ya kuwaka asubuhi. Geuza hendeli kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, na uchungulie kwenye fremu pale zinapogotea: chuma kilichopondeka au kupasuka hapo ni dalili ya ajali kubwa, hata kama plastiki zote ni mpya na zinang'aa. Kwa kweli plastiki mpya kabisa kwenye pikipiki ya miaka kumi zinanitia wasiwasi kuliko zilizochubuka.

Pitisha kidole kwenye vyuma vya shokomzoba za mbele. Oili hapo maana yake sili zimekwisha. Vuta cheni nyuma kabisa ya sproketi: ikiachana na meno, au meno yakiwa yamepinda kama ndoana, hesabu seti nzima mpya. Tairi lina tarakimu nne ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani huwa gumu na huteleza hata kama kashata bado zipo.

Uliza pia valvu zilikaguliwa lini. Kwenye injini hizi ni kazi ya saa nyingi, na wauzaji wengi huuza muda wake unapokaribia.

Ukishainunua, usimwagie oili iliyobaki kwenye gari lako. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea kwenye oili ya injini, na oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Tafuta yenye alama ya JASO MA. Bomba la ekzosi la kelele lisubiri. Fedha hiyo ipeleke kwenye helmeti mpya, kamwe isiwe ya mtumba, glavu, koti na buti. Vigharimie kabla hujapanga bei ya pikipiki, na ikiwa kinachobaki hakitoshi kununua SV650, rudi namba moja.